Spidi 40, na bado mteja hanisikii

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko na ofisi ya safari za watalii hapa Ngong Road, tuko watu tisa, wateja wengi wako Ujerumani kwa hivyo simu zote ni za intaneti, Zoom sana sana. Shida ni hii, mimi namsikia mteja vizuri lakini yeye ananiambia nakatikakatika, na ikifika saa kumi jioni ndio mbaya kabisa. Watu wa intaneti wamekuja mara tatu, wanapima spidi, inaonyesha 40, wanasema hakuna shida wanaenda. Nilitoka Mbps 20 nikaenda 40, bado. Nihame?
– Mama Safari, Ngong Road

JIBU: Usihame bado mama, na pole kwa hiyo pesa. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe: wewe unamsikia, yeye hakusikii. Njia ya kuingia iko wazi, inayoziba ni ile ya kutoka, na hao mafundi nina hakika walikuonyesha namba ya kudownload tu, tena asubuhi.

Simu ya sauti haitaki spidi kubwa, kilobiti 100 kwa sekunde kila upande zinatosha. Inachotaka ni mpangilio. Kwa kawaida sauti inakatwa vipande vidogo vya data, ndio pakiti, na zinatumwa 50 kila sekunde, moja kila milisekunde 20, sasa zikianza kuja kama matatu za hapo kwenu, nusu saa hakuna kitu halafu tano zinafuatana, mteja anasikia roboti. Hiyo ndio inaitwa jita. Mimi nataka jita isizidi milisekunde 30, pakiti zinazopotea zisifike asilimia 1, na safari ya kwenda tu iwe chini ya milisekunde 150. Hiyo ya mwisho kuna sehemu huwezi punguza, mwanga ndani ya faiba unakula kama milisekunde 5 kila kilomita 1000 na Ujerumani ni mbali.

Sasa fanya hivi. Chukua kompyuta moja ya Windows uichomeke kwa rauta na waya, fungua madirisha mawili ya komandi (Command Prompt), hapo ping inapima jibu linachukua muda gani kurudi, moja andika ping -t na anwani ya rauta (mara nyingi ni 192.168.1.1), ya pili ping -t 8.8.8.8 (hiyo ni seva ya Google, iko nje ya ofisi), uziache kutoka saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Ukimaliza bonyeza Ctrl na C, inakupa hesabu. Rauta ikijibu kwa milisekunde 1 muda wote lakini 8.8.8.8 inaruka kutoka 20 hadi 400 ikifika saa kumi, kuna mtu anapandisha kitu (ku-upload). Nakisia ni madereva wanarudi na video za wageni simu zao zinaanza kubakapu, au ni kamera za CCTV, kuna ofisi nilitafuta siku mbili nikapata ni kamera ya geti. Hizo bakapu zisukume usiku. Halafu kama rauta yako iko na SQM (setingi ya kupanga foleni ya data) iwashe, uiwekee asilimia 90 hivi ya spidi halisi ya kupandisha, ndio foleni ikae kwako mahali unaweza kuipanga, sio kwa boksi la kampuni.

Waya ukiwa safi na laptopu za waifai ndio zinasumbua, hamia waifai ya masafa ya 5 GHz, jengo la ofisi nyingi ile ya 2.4 inajaa inakuwa soko la Gikomba. Na kama umezima kila mtu na bado 8.8.8.8 inapoteza pakiti, piga picha ya skrini ikiwa na saa, siku tatu mfululizo, uwatumie hao watu wako. Hapo wakileta tena ya spidi test, sasa hama.

SWALI: Simu yetu ya mezani ya VoIP (inayopita kwa intaneti) inakata yenyewe karibu sekunde 30 baada ya kupokea, kila mara. Ni mtandao dhaifu?
– Wa Kariobangi

JIBU: Hapana, mtandao dhaifu haukati kwa sekunde zile zile kila mara. Simu inangoja uthibitisho sekunde 32, ikikosa inakata, na mara nyingi anayeharibu huo ujumbe ni rauta. Ingia kwa setingi utafute SIP ALG (sehemu ya rauta inayobadilisha ujumbe wa simu za intaneti), zima, uwashe rauta upya.