Klabu ya mazingira baada ya kidato cha nne: mikoko isife, wenzako wasipotee

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma hapa jukwaani. Klabu yenu ya shule ilipanda mikoko, zaidi ya nusu imekufa, mmemaliza kidato cha nne na sasa mmetawanyika: mmoja yuko Tabora anasoma advansi, wawili wapo VETA, mmoja kabaki nyumbani anakwenda baharini na baba yake, wengine wako Dar. Unauliza namna ya kurudishia mikoko, na namna ya kutopotezana na marafiki. Nayajibu pamoja. Urafiki wa klabu ya shule unadumu pale ambapo kuna kazi yenye mahali na tarehe. Ukiuachia kundi la WhatsApp peke yake, mwaka wa kwanza ni picha za zamani, wa pili ni salamu za Ijumaa na linki za kubeti, wa tatu ni michango ya harusi tu.

Tuanze na mikoko, maana hapo ndipo wengi hukosea na hapo ndipo moyo huvunjika.

Usipande tena kabla hujajua iliyokufa imekufa kwa nini. Nendeni maji yakiwa yamepwa, mng'oe vijiti kama ishirini hivi kutoka pande tofauti za eneo, mviangalie kimoja kimoja. Kijiti kilichotafunwa kuzunguka shina, karibu na matope, ni kaa. Kilichooza kuanzia chini na kutoa harufu kimekaa kwenye maji muda mrefu kuliko kinavyoweza kuvumilia, yaani mlipanda chini mno. Kilichokauka kuanzia juu, kimejikunja na chini hakina mizizi, kimekosa maji: mlipanda juu mno, au mbegu ilikuwa changa. Kilicholala kimefunikwa mchanga kinaonyesha kwamba hapo mawimbi yanahamisha mchanga, na hakuna idadi ya miche itakayoshinda hilo. Na pakiwa hapana kijiti kabisa, waulize wavuvi wanaburuta wapi nyavu na wanaegesha wapi mitumbwi.

Kosa la klabu nyingi ni hilo la kupanda chini mno. Uwanja mtupu wa matope mbele ya msitu unavutia kwa sababu uko wazi, hauna mwenyewe, na picha zinatoka vizuri. Lakini mikoko inaishi kuanzia kama usawa wa kati wa bahari kwenda juu, hadi pale maji ya bamvu, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, yanapofika. Chini ya hapo ni mahali pa majani ya bahari na kombe. Kama hapakuwahi kuwa na mikoko, kuna sababu. Tafuteni sehemu yenye visiki, palipokatwa kuni au boriti, ambapo miti mikubwa bado imesimama pembeni. Hapo mnajua kwa hakika kwamba panaota.

Kila mti una safu yake. Mlilana uko mbele kabisa, ndio unaopigwa na bahari. Mkoko wenye mizizi ya matao unafuata, penye matope laini. Mkandaa uko nyuma zaidi, kwenye udongo mgumu kidogo. Mchu unaukuta huku na kule, mara nyingi hata nyuma kabisa penye chumvi nyingi. Klabu zinapenda mkoko kwa sababu mbegu yake ni ndefu, inachomekwa moja kwa moja bila kitalu. Si vibaya, ila msiuchomeke kila mahali. Tazameni kisiki kilichopo ni cha mti gani, mrudishie huohuo.

Kuhusu mbegu: ya mkoko iliyokomaa ina pete ya njano pale inapokutana na kofia yake, na ukiigusa kidogo inachomoka yenyewe. Ukilazimika kuivuta kwa nguvu, iache. Ikague yote, yenye tundu dogo kama la sindano ina mdudu ndani, itupe. Zikishaokotwa, zilazeni kivulini, mzifunike kwa makuti au gunia bichi, zikae siku kadhaa, hata wiki. Zikinyauka kidogo kaa hawazipendi sana kama zile mbichi, na hii ndiyo dawa rahisi kuliko zote za kaa. Zisipigwe na jua. Siku ya kupanda, chomeka theluthi moja ya urefu, upande wenye ncha uende chini, kichipukizi kiwe juu (msicheke, kila mwaka kuna wanaopanda kichwa chini). Nafasi mita moja kwa moja inatosha. Usiichomeke kwa nguvu kwenye udongo mgumu, ngozi ya chini inachubuka na kuoza. Toboa kwanza kwa kijiti.

Sasa tarehe. Pwani yetu, siku za bamvu, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapwa sana kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi. Kwa hiyo kazi inaanza saa tatu na inakwisha kabla ya saa sita, maji yanaporudi. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mambo hugeuka: muda huo wa asubuhi ndio maji yamejaa, na safu za juu zinaweza kukaa siku kadhaa bila kulowa kabisa. Safu ya juu pandeni bamvu linapoanza, ili miche ilowe mara kwa mara siku za mwanzo. Safu ya chini pandeni bamvu linapopungua, miche ipate siku chache za maji tulivu kabla ya kusukumwa. Mtu asiyezoea atapanda kama miche mia moja katika maji mamoja. Watu wanane wakilenga miche mia tano wanafanya kazi safi na wanabaki na muda wa kukaa chini ya mnazi wakale. Wakilenga elfu tano wanatupa mbegu tu.

Hapo ndipo urafiki unapoingia. Chukueni kalenda, mtafute bamvu linaloangukia likizo ya Juni na jingine la Desemba. Wa advansi wanakuwa nyumbani, wa VETA wanaweza kuomba ruhusa, wa Dar wana sababu ya kupanda basi. Angalieni Ramadhani iko wapi mwaka huo. Kukanyaga matope saa tano asubuhi na saumu ni kuteseshana, sogezeni hadi baada ya Idi. Tarehe hizo mbili zikishaandikwa, zisihamishwe kwa sababu ya mtu mmoja. Bahari haiwasubiri, na hiyo ndiyo faida yake: mnakutana siku hiyo kwa sababu maji yanapwa siku hiyo, hakuna wa kubembelezwa wala wa kununiwa.

Kwa wadogo zenu wanaomaliza mwaka huu: kikao cha kugawana kazi kifanyike Desemba, kabla ya matokeo kutoka. Matokeo yanavunja makundi kuliko umbali. Aliyepata sifuri anaacha kujibu ujumbe kwa aibu, aliyepata daraja la kwanza hajui aseme nini, basi kimya. Mtu akiwa ameshapewa jukumu lisilohusiana na cheti, kama kutunza daftari, fedha au mbegu, ana sababu ya kutokea hata kama mambo hayakumwendea vizuri.

Na aliyebaki nyumbani ndiye nguzo. Huyo anapita pale kila anapokwenda baharini, ndiye anayeona wavu umeburutwa au mbuzi wameingia. Makundi mengi humfanya mtumwa: nenda katupigie picha, nenda kahesabu, na vocha hawamtumii. Mpangeni yeye awe mwenyekiti, si msaidizi. Walio mbali wachangie kiasi kidogo kila mwezi kwa simu, na fedha iwe na kazi tatu tu: vocha na nauli za huyo wa nyumbani, chakula cha siku mbili za kazi, na nauli ya yule aliyekwama. Mtunza fedha atume salio kwenye kundi kila mwisho wa mwezi, hata kama ni shilingi elfu nne. Ukimya wa salio ndio chanzo cha maneno.

Daftari liwe moja, kaunta buku, likae kwa huyo wa nyumbani. Pimeni kipande cha mita kumi kwa kumi, mkipigie vigingi pembe nne. Kwa nafasi ya mita moja kinabeba miche kama mia, hesabu inakuwa nyepesi. Andikeni tarehe, iliyo hai, iliyokufa, sababu, na nani alikuwepo. Hesabu ya kwanza miezi mitatu baada ya kupanda, kisha miezi sita, kisha mwaka. Picha ipigwe kutoka kigingi kilekile, ikielekea mti uleule mkubwa. Hai ikishuka chini ya nusu, msijazie. Rudini kwenye sababu. Hilo la nani alikuwepo linaonekana dogo, lakini baada ya miaka mitatu ndilo linalosomwa kwa sauti na kuchekesha watu.

Msiingie pale kimyakimya. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya msitu chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo hata kupanda mnahitaji kuwaandikia. Barua moja iende ofisi yao ya wilaya, nakala kwa serikali ya kijiji au mtaa, ikitaja eneo, idadi ya miche, majina yenu, na sahihi ya aliyekuwa mwalimu mlezi wa klabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji. Ulizeni mwenyekiti wake ni nani, kwingine kamati ipo kwenye karatasi tu na nyinyi ndio mtaiamsha. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Nendeni na daftari lenu, msiende na hotuba. Ukisema "kati ya miche mia iliyokuwa hapa, arobaini imeng'olewa na nyavu za kukokota", mzee wa pwani atakusikiliza na atakwambia nyavu ni za nani. Ukisema "tulinde sayari yetu", atakupigia makofi na kurudi kwenye bao.

Mtasikia habari za mambo mawili. La kwanza ni kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na msitu, kama Gazi, kule Kwale, Kenya. Mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za msitu, chini ya mkataba wa jamii nzima, na wapimaji wa nje. Malipo yanaingia kwenye maji na shule za vijiji vyao. Miche mia tano haifiki huko, msidanganyike na mtu atakayewaomba fedha za usajili. La pili ni kujisajili halmashauri mpate mkopo wa vijana kutoka ile asilimia kumi ya mapato ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo. Mkopo unarudishwa, na msitu hauuzwi. Kama mna mizinga ya nyuki ndani ya mikoko au ufugaji wa kaa wenye hesabu zilizokaa sawa, zungumzeni na afisa maendeleo ya jamii. Bila hivyo, deni la pamoja litamaliza urafiki kabla kaa hawajamaliza miche.

Msiogope uchache. Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa mazingira, ilianza 1991 Dar es Salaam kwa wanafunzi 12 waliokwenda kuzungumza na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, nyumbani kwake. Klabu ya watu themanini ya shule ilikuwa na wengi waliokuja kukwepa usafi wa bweni. Mkibaki saba wanaojibu simu, mna kikundi.

Kwa sasa anza na vile vijiti ishirini. Vipange juu ya gunia, uvipige picha kwa makundi ya dalili, uweke hapa na jina la mti uliosimama karibu. Wadau wa Pangani na Kilwa wapo humu, watakuambia kama eneo lenu linafaa au mhame mapema kabla ya Desemba.