Kabla hujamwekea kosa, muulize amefikaje hapo

Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mtoto mwenye kipawa hajifichi: daftari lake safi, mkono wake juu kabla ya wenzake, nafasi ya kwanza kila muhula. Aliyenifumbua macho ni mvulana wa darasa la tatu aliyekaa nyuma, akichorachora daftari na kuwasumbua jirani zake.

Siku hiyo niliandika ubaoni 503 kutoa 278. Akaleta 225, bila njia. Nikajua amenakili. Nilipomtaka anieleze, akasema: "Tatu nikitoa nane, nina deni la tano. Sifuri nikitoa sabini, deni la sabini. Mia tano nikitoa mia mbili, mia tatu. Halafu nikalipa madeni yote."

Nikakaa kimya. Mtoto wa miaka minane alikuwa amejivumbulia namba hasi, akazipa na jina, nami nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu. Tangu hapo, kabla sijaweka vema au kosa, huuliza: umefikaje hapa?

Hata wataalamu huwapita watoto wa namna hii. Mwaka 1921, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwatafuta watoto wa California wenye akili nyingi kwa kipimo cha IQ, yaani cha kiwango cha akili. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa, alama hazikutosha, wakaachwa. Shockley alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968. Bado naviheshimu vipimo, hasa wanapopimwa watoto wote. Tukiachiwa walimu tuteue, tunateua watulivu.

Kwa hiyo sikiliza maswali yao. Mwangalie anayechukia kurudia jambo alilokwisha kuelewa, na anayesimulia kwa ufasaha lakini kusoma kunamtesa. Huyu wa mwisho hupotea kirahisi sana, kwa sababu kipawa huficha ugumu wake na ugumu huficha kipawa.

Ukishamtambua, usimwongezee kazi ileile. Mimi nilifanya hivyo: wenzake maswali kumi, yeye ishirini. Haikupita wiki mbili akaanza kujikokota makusudi, na alikuwa na haki. Nilikuwa namwadhibu kwa kuelewa. Siku hizi, kabla ya kuanza mada mpya, nampa mtoto wa aina hii maswali matano magumu ya mwisho wa mada. Akipata manne, zoezi la kawaida namwondolea, nampa jambo la kufikiri: atunge maswali ambayo majibu yake ni madeni, au atafute njia ya pili ya kufikia jibu lilelile. Pia simgeuzi mwalimu msaidizi kila siku. Naye amekuja shule kujifunza.

Kurushwa darasa huwafaa baadhi yao, ila mtoto mwenyewe aulizwe kwanza, tena aulizwe kwa dhati.

Kwenu wazazi: akili ya mtoto huyu huweza kutangulia moyo wake. Asubuhi anauliza watu wakifa wanakwenda wapi, mchana analia kwa penseli iliyovunjika. Msimwambie "mkubwa mzima wewe". Msimsifu pia kwa akili kila saa. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kuwa watoto waliosifiwa kwa akili walipendelea kazi rahisi ambazo wangefanya vizuri, na wakishindwa walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Msifuni kwa alivyohangaika na swali.

Yule mvulana alinifuata mlangoni wiki iliyofuata, kengele imeshalia. "Mwalimu, ukizidisha deni kwa deni, unapata nini?" Nikamwambia aende nalo nyumbani, kesho anieleze yeye.