Nilikatwa tumbo, kilo zimerudi: nirudie operesheni?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Dar. Mwaka 2019 nilienda India nikafanyiwa operesheni ya kukata tumbo, ile ya sleeve, nilikuwa na kilo 131 nikashuka mpaka 84, presha ikatulia, nguo zote nikagawa. Baada ya kujifungua zikaanza kurudi pole pole, sasa hivi nina 109 na usiku kiungulia kinanichoma mpaka nalala nimekaa. Mawifi wanasema nimetupa hela za kaka yao. Kuna dalali wa matibabu kanitumia bei WhatsApp, anasema niende mwezi ujao, nichague bypass, ile ya kubakiza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo, au nikatwe tena lilelile tumbo. Nifanye au niache?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana, hasa kwa hayo maneno ya nyumbani maana naona yanakusukuma kuliko hata mizani. Unene wa kiasi hicho ni ugonjwa wa kudumu kama ilivyo presha, na sleeve hata ikifanywa vizuri haiumalizi. Wanatoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, na sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ndo maana mwanzoni hata harufu ya pilau haikusumbui. Ila mwili uliopungua kilo nyingi unazidai, njaa inaamka tena, nguvu unayochoma kwa siku inakuwa ndogo kuliko zamani, na tumbo nalo linatanuka kiasi. Watu wengi wanapanda kidogo baada ya mwaka wa pili. Na wewe hujarudi 131, kwa hiyo hela haikutupwa, na mawifi waambie hivyo.

Huyo dalali anayekupangia mwezi bila kipimo hata kimoja kwa kweli amenikasirisha. Operesheni ya kurudia si kama ya kwanza, ndani kuna makovu, nyama zimeshikana, hatari ya kuvuja pale paliposhonwa na ya kutoka damu ni kubwa zaidi, na kilo zinazoondoka kwa kawaida ni chache. Ukienda ukitegemea kushuka 47 tena utaumia moyo.

Kinachonifanya nisikwambie moja kwa moja acha ni hicho kiungulia. Tumbo la sleeve ni kama mrija mwembamba, presha ya ndani ni kubwa, asidi inasukumwa juu, na ikiunguza umio kwa miaka inaweza kubadilisha hata ngozi yake ya ndani. Kwa hiyo kabla ya tiketi fanya kipimo cha kamera, waangalie kama kuna vidonda au ngiri pale juu ya tumbo, halafu ile eksirei ya kunywa dawa nyeupe nzito, inaonyesha tumbo limetanuka, limejikunja au limebana. Beba na ripoti ya operesheni ya 2019. Umio ukikutwa umeungua na dawa hazisaidii, hapo bypass ina sababu ya maana hata kilo zikishuka chache. Kukatwa tena lilelile tumbo na kiungulia hicho, mimi sikushauri kabisa, mrija utazidi kuwa mwembamba.

Kamera ikitoka safi, tuangalie unachokula na unachotumia. Ugali na samaki vinakushibisha haraka, lakini chai ya maziwa yenye sukari, soda, juisi ya miwa, aiskrimu, hivyo vinateleza tu, unaweza kunywa siku nzima na hutasikia umeshiba. Na baada ya kujifungua ulianza sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu? Baadhi ya wanawake inawaongezea uzito, ongea na nesi akubadilishie njia, ila usiache hivihivi ukabaki bila kinga. Tezi ya shingo pia ipimwe.

Siku hizi kuna dawa za sindano za kupunguza uzito kama semaglutide na tirzepatide, zinasaidia hata waliokatwa tumbo, ingawa bei inauma na ukiacha kilo huwa zinarudi. Kama unataka mtoto mwingine, semaglutide iachwe angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba. Puto la tumboni wanaloweka hospitali ya Mloganzila, najua utaliuliza, kwa aliyeshakatwa tumbo halifai.

Na ukifikia bypass ujue unaingia wapi. Vitamini, madini ya chuma na kalsiamu ni maisha yote. Ukila vitamu sana moyo unaenda mbio, jasho, kuhara. Diclofenac na ibuprofen, hizi tunazomeza kila mgongo ukiuma, basi tena, zinatoboa vidonda pale palipounganishwa. Mimba usubiri mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu. Mwulize daktari wa upasuaji mwenyewe, sio dalali, nani atakuhudumia ukivuja siku ya kumi ukiwa umesharudi Dar. Asipokuwa na jibu la hilo, usilipe hata shilingi.