Nimeacha Ugali, Sasa Nikiinuka Naona Giza

SWALI: Nawasalimu kutoka Ujiji, Kigoma. Nina miaka 48. Kliniki walinipima sukari kabla ya kula, ikawa milimoli 6.4, nikaambiwa mwili wangu umekuwa sugu kwa insulini. Yapata wiki tatu sasa nimeacha ugali wa muhogo, wali na ndizi. Chumvi nayo nimeiacha kabisa, kwa kuwa natumia kidonge cha presha, kile kinachoongeza mkojo. Nimepungua kilo 4, lakini nikiinuka kitandani naona giza, na usiku mashavu ya miguu hukaza hadi nalia. Nirudie ugali?

JIBU: Pole sana, mama. Insulini, mbali na kuingiza sukari kwenye seli, huzifanya figo zibakize sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi. Ulipoacha wanga insulini ilishuka, jambo ambalo ni jema, lakini figo zikaanza kuachia sodiamu na maji kwenye mkojo. Na kidonge chako kinafanya kazi hiyo hiyo, tena kinaweza kuondoa na potasiamu, madini mengine ambayo misuli na moyo huyahitaji, huku chunguni hurudishi hata punje ya chumvi. Sehemu ya kilo ulizopungua ni maji hayo, na huenda upungufu huo wa maji na madini ndio unaokuletea giza ukiinuka na kukaza miguu usiku.

Kwa hiyo rudi kliniki kesho, wala usingoje tarehe yako. Waombe wakupime presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama, na wapime sodiamu, potasiamu na figo. Huenda dozi ikapunguzwa, ila usiikatize mwenyewe. Nakusihi pia usinunue vidonge vya potasiamu dukani, kwani ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Ukizimia, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Huo ni mpaka, si marufuku. Kliniki wakuambie kiasi chako, nawe uhesabu pia iliyomo kwenye dagaa waliokaushwa kwa chumvi: loweka wachache, onja yale maji, ndipo uunge mboga.

Ugali hukulazimika kuuacha wote. Tonge moja lisilozidi ngumi yako, pamoja na samaki mgebuka na bakuli la matembele, ambayo yana potasiamu na magnesiamu, linatosha kuanzia. Kizunguzungu kikishatulia, tembea dakika 15 baada ya kula, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchota sukari hata pale insulini inaposikika kwa shida.