Maswali na majibu: faranga 98,000 za Uswisi au euro 60,000 za Ujerumani?

SWALI

Mhasibu, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 36, fundi sanifu wa umeme katika kiwanda cha mashine hapa Stuttgart tangu 2021. Napata euro 60,000 kwa mwaka kabla ya makato, kwa mkataba wa chama cha wafanyakazi wa vyuma: saa 35 kwa wiki na likizo ya siku 30. Mke wangu kwa sasa yuko nyumbani na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 5 na mwingine 2. Kampuni moja ya Winterthur, karibu na Zürich, imenipa ofa ya faranga 98,000 kwa saa 42 na likizo ya wiki 5. Nimeingiza namba hizo kwenye vikokotoo vya mtandaoni. Kimoja kinasema faranga 98,000 ni sawa na euro 62,000 za Stuttgart, yaani nitahama bure. Kingine kinasema nitatajirika. Kila mwezi natuma euro 300 kwa mama. Nikiamini kipi? Na nyinyi wenye kazi hii huzipigaje hesabu hizi?

JIBU

Kaka, kinachosema utatajirika kimebadilisha faranga kuwa euro kisha kikaishia hapo. Hicho kiweke kando. Kile cha euro 62,000 angalau kimejaribu. Kimechukua tofauti ya bei za bidhaa na huduma kati ya nchi hizi mbili na kuugawia mshahara wako. Kwa takwimu za Eurostat za 2023, bei za matumizi ya kaya Uswisi zilikuwa karibu asilimia 74 juu ya wastani wa Umoja wa Ulaya, na za Ujerumani asilimia 9 hivi. Gawanya moja kwa nyingine, utaona Uswisi ni ghali kuliko Ujerumani kwa asilimia 60 hivi, na hesabu ya namna hiyo ndiyo hutoa namba iliyo karibu na 62,000 yako.

Kosa lake ni kwamba kimegawanya mshahara ghafi kwa bei za dukani. Mshahara ghafi hauingii dukani. Kabla haujakufikia unapita kwa mtoza kodi, mfuko wa pensheni na bima, na nchi hizi mbili hukata kwa namna tofauti kabisa. Halafu kuna jambo ambalo hata wachumi wengine hulisahau: fahirisi ya bei za walaji ya Uswisi haihesabu malipo ya bima ya afya ya lazima. Ofisi yao ya takwimu huyapima kwa fahirisi ya pembeni. Kwa hiyo mzigo unaowaumiza watu wa kule kuliko yote haumo katika namba ambayo dunia nzima huitumia kupima mfumuko wa bei wao.

Sisi tunaoandaa mishahara hatulinganishi mshahara na mshahara. Tunalinganisha baki: fedha inayosalia mwisho wa mwezi baada ya kaya hii, yenye watu hawa, kulipa kila isichoweza kukikwepa. Nimefanya hivyo kwa viwango vya 2025, faranga 1 nikiihesabu euro 1.06. Ni makadirio, lakini hayatakuwa mbali na hati yako ya mshahara.

Tuanze Stuttgart. Kwenye euro 60,000, pensheni, bima ya ukosefu wa kazi, bima ya afya na bima ya utunzaji wa wazee hula kama 12,400. Kodi ya mapato, ukiwa katika daraja la tatu la mwenye ndoa, ni kama 5,100. Mkononi unabaki na 3,540 hivi kwa mwezi. Ongeza posho ya watoto, euro 255 kwa kila mmoja, upate 4,050. Zingatia kwamba katika bima ya afya umekatwa wewe peke yako, na mkeo na watoto wamebebwa humo humo bila senti ya ziada.

Sasa Winterthur. Makato ya faranga 98,000 yataonekana madogo mno ukiyalinganisha na uliyoyazoea: pensheni ya taifa asilimia 5.3, ukosefu wa kazi 1.1, kisha bima ya ajali na mfuko wa pensheni wa mwajiri. Jumla ni kama 11,000 kwa mwaka. Kodi, kwa mwenye ndoa na watoto wawili katika jimbo la Zürich, ni kama asilimia 4 tu, nayo hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara kwa mgeni asiye na ukaazi wa kudumu. Mkononi unapata kama 6,900 kwa mwezi. Posho za watoto, faranga 215 kila mmoja, zinafikisha 7,330.

Hapo ndipo watu husherehekea. Ngoja kwanza. Bima ya afya haimo. Uswisi kila kichwa hulipa bima yake kwa kampuni binafsi, kwa kiasi kisichojali mshahara wako: mkurugenzi wa benki na mfagiaji wa benki hiyo hiyo, wakikaa mtaa mmoja na kuchagua bima ile ile, hulipa sawa. Wastani wa kitaifa mwaka 2025 ni faranga 449 kwa mtu mzima na 118 kwa mtoto. Kwenu nyinyi wanne ni kama 1,130 kila mwezi, na mna miezi mitatu tu ya kujiandikisha tangu mfike. Hata baada ya kulipa hizo, matibabu ya mwanzo wa mwaka mtu mzima hujilipia mwenyewe hadi kiwango alichokichagua, kati ya faranga 300 na 2,500, kisha huchangia asilimia 10 ya yanayofuata mpaka zifike 700. Ushauri wangu ni mfupi: mzima wa afya achague 2,500 na aiweke fedha hiyo akiba, mwenye maradhi ya kudumu achague 300, na viwango vya katikati uviache, kwa kuwa ni mara chache sana vinalipa. Meno hayamo katika bima ya lazima. Ukiwa na jino la kung'oa, ling'oe Stuttgart.

Matumizi mengine nimeyapanga kwa bei za 2025 ninazozijua. Stuttgart: nyumba 1,350 pamoja na joto, chakula 650, tiketi ya usafiri ya nchi nzima 58, umeme na intaneti 160, chekechea ya mkubwa 150, mengineyo 500. Jumla 2,868. Baki ni kama euro 1,180, na humo ndimo zinamotoka 300 za mama.

Winterthur: bima 1,130, nyumba 2,250, chakula 1,150, usafiri 130, umeme, intaneti na ada ya redio na televisheni 200, mengineyo 800. Mkubwa ataingia chekechea ya serikali bila malipo. Jumla 5,660. Baki ni faranga 1,670, ambazo ni kama euro 1,770.

Kwa hiyo kikokotoo kilichosema utahama bure kimekudanganya. Utaongeza kama euro 590 kila mwezi. Na baki ina tabia moja ambayo vikokotoo haviwezi kuijua: haitumiki Zürich. Shilingi inayonunua unga na dawa za mama Mombasa haiulizi nyama inauzwa bei gani Winterthur. Euro 590 ni zaidi ya shilingi 80,000 za Kenya kwa mwezi. Ndiyo maana mfanyakazi anayetuma fedha nyumbani hunufaika na nchi ya mishahara mikubwa na bei kubwa kuliko jirani yake mzawa anayekula kila kitu pale pale. Ungekuwa kapera unayelipa bima moja na kupanga chumba, ningekwambia funga sanduku.

Lakini nyinyi ni wanne, na bado hatujahesabu saa.

Saa 35 kwa wiki, ukitoa wiki sita za likizo, ni kama saa 1,610 kwa mwaka. Saa 42, ukitoa wiki tano, ni 1,974. Sikukuu za kitaifa nimeziacha pande zote mbili. Tofauti ni saa 364, zaidi ya wiki kumi za kazi kama unavyofanya sasa. Zigawie nyongeza yako ya mwaka, kama euro 7,080, utakuta kila saa ya ziada unalipwa chini kidogo ya euro 20. Leo kila saa yako inakuletea kama euro 26 mkononi. Yaani Mswisi anakununua saa zako mpya kwa bei ndogo kuliko unayolipwa tayari. Watu wengi huangalia faranga na kusahau saa, na waajiri wanalijua hilo.

Jambo la pili ni mkeo. Ofa hii inasimama kwa sababu yuko nyumbani. Siku atakapotaka kazi, mdogo atahitaji pa kukaa, na kituo cha kulelea watoto eneo la Zürich, bila ruzuku ya manispaa, hufika faranga 130 kwa siku. Siku tatu kwa wiki ni kama 1,680 kwa mwezi, na baki yako yote imekwenda. Atakachokileta nyumbani ndicho kitakachokuwa baki mpya. Ulizeni ofisi ya manispaa kuhusu ruzuku kabla ya kusaini kitu. Mkifikiria mtoto wa tatu, tofauti ni kubwa zaidi: Uswisi mama hupata wiki 14 kwa asilimia 80 ya mshahara na baba wiki 2, wakati Ujerumani kuna posho ya wazazi ya hadi miezi 14 mkigawana, na haki ya kurudi kazini kwako.

Chakula kinaweza kupungua. Kutoka Winterthur hadi Konstanz, upande wa Ujerumani, ni kama saa moja, na Jumamosi maduka yake hujaa magari ya Uswisi. Mkaazi wa Uswisi hurudishiwa VAT ya Ujerumani akigongewa muhuri forodhani, mradi risiti izidi euro 50. Ila tangu Januari 2025 Uswisi imepunguza kiwango cha kuingiza bidhaa bila kulipa VAT yao, kutoka faranga 300 hadi 150 kwa mtu kwa siku, na nyama isizidi kilo moja kwa kichwa bila ushuru. Watoto nao huhesabiwa vichwa. Nyama ndiyo ya kuvusha, maana Uswisi bei yake inatisha. Simu inunue Uswisi kwenyewe bila wasiwasi.

Pensheni nimeipitia haraka kwa kuwa pande zote mbili unakatwa. Jua tu kwamba mfuko wa mwajiri Uswisi ni akiba yenye jina lako, na mwajiri lazima achangie angalau nusu. Kwa umri wako, sheria inataka asilimia 10 ya sehemu ya mshahara inayokatwa, na baadhi ya kampuni hutoa zaidi. Omba kanuni za mfuko huo kwa maandishi. Wakati mwingine faranga 3,000 za mwaka zimejificha humo na hakuna anayezitaja kwenye usaili.

Na sasa lile ambalo hukuuliza. Umeandika kwamba ni mzaliwa wa Mombasa, hukusema una pasi gani. Kama ni ya Kenya peke yake, kibali chako cha Ujerumani hakikupi haki ya kufanya kazi Uswisi. Mwajiri atalazimika kuonyesha kwamba hakupata mtu nchini wala Umoja wa Ulaya, kisha aombe nafasi katika mgao wa vibali 8,500 unaotolewa kwa mwaka kwa raia wa nchi kama Kenya. Ofa iliyosainiwa si kibali. Usivunje mkataba wa nyumba wala kuacha kazi kwa sababu ya barua ya ofa.

Tena upo Stuttgart tangu 2021. Ujerumani inatoa uraia baada ya miaka mitano kwa mwenye kazi na Kijerumani cha B1, yaani kiwango cha kati, na tangu tarehe 27 Juni 2024 haikutaki uache wa kwanza. Kenya nayo inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010. Ukihamia Uswisi sasa, hesabu hiyo ya miaka inakatika, na Uswisi wao huhesabu miaka kumi. Ukisubiri ukapata pasi ya Ujerumani, unavuka mpaka kwa mkataba wa uhuru wa kutembea kati ya Uswisi na Umoja wa Ulaya, bila mgao na bila mwajiri kuthibitisha chochote. Kwangu mimi pasi hiyo ina thamani kuliko euro 590 za mwezi, na fundi wa umeme wa mitambo hatakosa ofa nyingine.

Kwa hiyo mwandikie mwajiri, muulize kama nafasi inaweza kungoja, au kama amewahi kupata kibali cha raia asiye wa Ulaya na kilichukua muda gani. Wakati huo huo jadili bei. Kila faranga 10,000 unazoongeza kwenye mshahara ghafi zitakuachia kama 8,000 mkononi, kwa sababu nyumba na bima umeshazilipa. Kwa saa 42 mimi nisingehama chini ya 108,000. Akikataa kupanda, mwombe saa 40 kwa mshahara ule ule. Kampuni nyingi huona ni rahisi kuachia saa kuliko faranga.