Fomu ya udaktari Uingereza: mdhamini wako awe nani?

Nyumbani Tanzania, ukitaka kusomea udaktari hakuna anayeuliza mwalimu wako anakuonaje. Una matokeo ya kidato cha sita, Fizikia, Kemia na Baiolojia, unaomba Muhimbili au Bugando, alama zinaamua. Kenya nako KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, wanaangalia pointi zako za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Ndiyo maana kijana wetu akifika Uingereza na kukuta fomu ya UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu vya huko, inataka maelezo ya mdhamini wa kitaaluma, yaani mtu aliyekufundisha au kukusimamia anayeandika jinsi anavyokuona, huichukulia kama ule mstari wa mwisho wa CV: tafuta majina ya watu wenye vyeo, yaweke, umemaliza.

Mimi niliomba nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, nikiitafuta ile kozi ya udaktari ya miaka minne wanayosoma watu ambao tayari wana digrii. Siku hizi kila ikifika Juni simu yangu haitulii. Vijana wa jumuiya yetu wanapiga, na wazazi wao pia, na swali ni lilelile: "Dada, tumwombe nani?"

Kwanza elewa jinsi fomu inavyofanya kazi. Unaruhusiwa kuchagua vyuo vinne tu vya udaktari, na mdhamini ni mmoja. Anachoandika kinakwenda kwa vyote vinne, neno kwa neno. Kama unaomba kupitia shule au chuo unachosoma, shule ndiyo inayoandika, na ndiyo inayojaza makadirio ya alama zako za A-level, mitihani ya kidato cha sita ya huku. Hapo huna mengi ya kuchagua zaidi ya kujiweka karibu na mwalimu anayehusika. Ila kama unaomba peke yako, kama nilivyofanya mimi, wewe ndiye unayeweka jina, cheo, anwani, simu na barua pepe ya mdhamini. UCAS wanamtumia kiungo, naye akishajaza, ndipo unaweza kulipia na kutuma. Asipojaza, fomu yako imelala hapo hapo, hata uwe na alama za kutisha kwenye UCAT, ule mtihani wa kuchuja waombaji wa udaktari.

Shangazi yangu, aliyenilea hapa, alikuwa na jibu lake tayari. "Muombe profesa. Jina lake liko kwenye vitabu." Kweli lilikuwa kwenye vitabu. Lakini yule profesa alinifundisha mihadhara michache katika ukumbi wa watu mia mbili na zaidi, na kama tungekutana kwenye lifti angenisalimia kama mgeni. Angeandika nini? Angefungua mfumo wa chuo, akanakili alama zangu, akaongeza kwamba nahudhuria. Nilimwomba mhadhiri aliyesimamia mradi wangu wa maabara, dada kijana ambaye hata uprofesa hakuwa nao. Yeye alikuwepo siku matokeo yangu yalipogoma kutoka, akaniona nikirudia jaribio tangu mwanzo hadi nikagundua sampuli ilikuwa imechafuliwa. Aliniona nikiwaelekeza wa mwaka wa pili namna ya kushika pipeti. Mtu wa hivyo ana la kuandika.

Sisi tumezoea lugha ya cheti cha kuhitimu: "Tabia: nzuri sana. Mtiifu, mwenye bidii, mchapakazi." Kwa msomaji wa Uingereza maneno hayo peke yake ni maji ya kunawa. Anataka kuona bidii hiyo ilifanya nini, wapi, mbele ya nani. Na mdhamini hawezi kukumbuka yote, kwa hiyo mpe karatasi moja: masomo aliyokufundisha na alama ulizopata, mradi wako, kazi ya wodini au ya kutunza wazee kama unafanya, na kwa nini udaktari. Usimwandikie barua. Mpe malighafi tu. Najua inaumiza kujisifia, tumelelewa kwamba kizuri chajiuza. Kwenye fomu hii hakijiuzi.

Niseme ukweli kidogo hapa, maana watu huogopeshwa bure. Vyuo vingi vya udaktari havitoi alama kwa barua ya mdhamini. Wanaoitwa kwenye usaili huchujwa zaidi kwa matokeo na UCAT. Usikeshe ukiwaza kama sentensi ya pili ilikuwa tamu. Lakini kuna mambo mawili ambayo mdhamini anaweza kuyasema kwa uzito ambao wewe huna. La kwanza ni makadirio: ukiwa bado hujamaliza digrii, yeye ndiye wa kusema kama unaelekea daraja la pili la juu, ambalo kozi nyingi za miaka minne zinalitaka.

La pili ndilo ninalobishana nalo na wazazi kila mwaka. Tangu maombi ya kuingia chuo 2024, maelezo ya mdhamini yamegawanywa sehemu tatu: ya kwanza inahusu shule au chuo chenyewe, ya pili inahusu matatizo yaliyoathiri masomo ya mwanafunzi, ya tatu ni mengine yanayomhusu yeye na kozi anayoiomba. Hiyo ya pili familia zetu huiacha tupu. Kijana mmoja alifanya mitihani ya mwaka wa kwanza wa A-level huku baba yake akiwa kwenye dayalisisi mara tatu kwa wiki, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa nyumba nzima hospitalini. Alama zilishuka, kisha zikapanda. Shuleni hakuna aliyejua. Mama yake aliniambia mambo ya ndani hayatolewi nje. Nikamwuliza, mama, hao wanaosoma fomu wataelewaje kwa nini alama zilianguka? Watadhani ni uvivu. Alikaa na jambo hilo wiki nzima, kisha akamruhusu mwanawe akaongee na mwalimu mlezi wa kidato chao. Mwalimu hawezi kuandika habari za afya au msiba bila ridhaa yako, na hawezi kuandika asichokijua. Hahitaji historia ya ukoo. Mistari michache yenye tarehe inatosha.

Namna ya kuomba nayo ina adabu zake. Usiseme "naomba uniandikie" ukampa tarehe. Muulize kama anaona anakufahamu vya kutosha kukuunga mkono kwenye maombi ya udaktari. Mwingereza hatakwambia hapana. Atasema ana shughuli nyingi kidogo kipindi hiki, au kwamba pengine mwenzake atafaa zaidi. Hiyo ndiyo hapana yenyewe. Mshukuru, tafuta mwingine.

Muombe Mei au Juni, kabla wahadhiri hawajatawanyika likizo. Mwisho wa maombi ya udaktari ni tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili jioni ya Uingereza, ambayo Dar es Salaam na Nairobi ni saa mbili usiku. Septemba mwishoni chuo kinafungua na hakuna mhadhiri mwenye nafasi ya kupumua. Mwambie pia aangalie folda ya taka kwenye barua pepe. Kiungo cha UCAS hupenda kujificha huko. Tumia anwani yake ya kazini.

Mjomba daktari wa hospitali ya Kairuki hafai, hata kama ndiye aliyekutia hamu. UCAS hawataki ndugu, rafiki, mchumba wala mchumba wa zamani, na wakigundua wanaweza kufuta maombi. Kama umeacha shule miaka mingi na walimu wako hawapatikani, msimamizi wa kazi au wa kujitolea anaweza kukubalika, ila soma kwanza masharti ya kila chuo, maana baadhi yao hung'ang'ania mwalimu. Walio Marekani mambo yenu ni tofauti: AMCAS, mfumo wa huko wa kuomba udaktari, hupokea mpaka barua kumi, na vyuo vingi vya huko vina kamati inayowaandikia wanafunzi wake.

Kuhusu zawadi, kabla ya barua usipeleke kitu, hata kanga. Hapa itaonekana vibaya, na utamweka mwenzio pabaya. Mimi nilimpelekea mhadhiri wangu kahawa ya Moshi baada ya kupata nafasi. Ila mjulishe majibu hata ukikosa, maana wengi hukosa mwaka wa kwanza, na ukiomba tena maelezo yanatumwa upya; atakayeyaandika ni yuleyule uliyemwacha bila salamu tangu Oktoba.