Mota inazunguka, kwa nini msumeno wa hogo hauzunguki?

Mkuu, umeuliza inakuwaje mota ya msumeno wa kukatia hogo (plasta ngumu inayofungwa kwenye mfupa uliovunjika) izunguke duara huku bledi ikicheza tu kushoto na kulia, na kwa nini haimkati mgonjwa.

Ncha ya shafti ya mota imechongwa pembeni kidogo ya mhimili wake, na imevishwa beringi. Beringi hiyo imebanwa kati ya meno mawili ya uma. Shafti ikizunguka, beringi inausukuma uma upande huu, kisha ule. Uma umefungwa kwenye ekseli inayoshika bledi, basi bledi inayumba nyuzi chache tu za pembe, maelfu ya mara kwa dakika. Ncha ikisogezwa mbali zaidi na mhimili, au uma ukifupishwa, bledi inayumba zaidi. Meno ya uma yakilika, utasikia mashine inagonga na ukataji unapungua. Hapo ndipo pa kukagua kwanza.

Msumeno huu ulipewa hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1947, kazi ya Homer Stryker, daktari wa mifupa wa Michigan. Wazo lake ni zuri mno: hogo ni gumu, haliwezi kufuata meno ya bledi, kwa hiyo linakatika. Ngozi ni laini, inayumba pamoja nayo.

Lakini usiiamini kupita kiasi! Bledi inapata moto, na ukiiburuta juu ya ngozi inaunguza au kuchana, hasa palipo na mfupa karibu. Bonyeza, inua, sogea, bonyeza tena.